Kupiga Linux mashine 24 kwa mkupuo: Kickstart, preseed au autoinstall? Na pakeji mnachaguaje?

fundi_sinza: Wakuu habari za jioni. Nina chumba cha kompyuta 24 hapa Sinza, used za Kariakoo, RAM 4GB, nataka zijipige zenyewe kupitia mtandao nisizunguke na flashi moja moja. Nasikia kuna Kickstart, preseed na autoinstall, yaani faili la majibu linaloiongoza installer bila mtu kukaa nayo. Juzi nimejaribu mbili nikaweka kila kitu, ya pili haijafika nusu bando likakata, nikatoka saa nne usiku kutafuta vocha. Mnachaguaje pakeji, yaani programu za kuweka?

dada_terminal: Pole mkuu. Mimi Kickstart, ofisini tuna Rocky, Linux ya familia ya Red Hat. Kwenye sehemu ya %packages ya hilo faili anza na @^minimal-environment (mfumo wa msingi tu), ongeza zako, kila moja mstari wake, usiyoitaka iwekee kistari mbele, funga na %end. Tena piga moja kwa mkono uipendavyo, halafu fungua /root/anaconda-ks.cfg, faili utalikuta limeshaandikwa. Ila majina yaangalie sana, niliandika dnsutils kwa mazoea ya Debian kumbe huku ni bind-utils, nikaziacha kumi usiku, asubuhi zote zimesimama zinauliza ziendelee au ziache. --ignoremissing (ruka pakeji isiyopatikana) ipo ila siipendi, kosa linapita kimya kimya unakuja kuligundua mtumiaji akishalalamika.

mzee_wa_apt: Kwa RAM 4GB mwanangu weka Debian na Xfce (desktop nyepesi), preseed inakutosha. Kwenye tasksel/first (makundi ya pakeji) andika "standard, xfce-desktop", za kwako zipange kwenye pkgsel/include, zinatenganishwa na nafasi tu. Watu watakwambia zima install-recommends (pakeji za ziada zinazopendekezwa) ili ipungue ukubwa, na kweli inapungua, ila mimi nilipozima nikakuta alama ya WiFi haipo na LibreOffice hakuna, ikabidi nizitaje kwa majina. Sasa hilo bando, weka apt-cacher-ng (inatunza nakala za pakeji) kwenye laptop yako, kisha kwenye preseed mirror/http/proxy ielekeze kwenye IP ya laptop, poti 3142. Pakeji inashuka toka nje mara moja, nyingine 23 zinachukua kwako.

kijana_yaml: Ubuntu Server tangu 20.04 ina autoinstall, ni YAML (maandishi yanayopangwa kwa nafasi za mwanzo wa mstari), unaandika packages: na orodha chini, kusoma rahisi kuliko preseed, ile mistari yake inayoanza na d-i inachosha macho. Ila nafasi za mwanzo wa mstari zikikosewa faili zima halisomeki, na kwa hizo za mezani zenye 4GB namuunga mkono mzee.

dada_terminal: Na kwa uzoefu wangu usijaze kila kitu kwenye installer jamani. Mfumo, openssh-server (ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) na zile za lazima, basi. Zinazobadilika kila muhula sukuma baadaye na Ansible (zana ya kuamuru mashine nyingi kwa pamoja), maana orodha ndefu ni majina mengi ya kukosea, na umeme ukikatika katikati unaanza upya.

fundi_sinza: Wakuu nimerudi. Debian, Xfce, apt-cacher-ng kwenye laptop. Nimechukua orodha kwa apt-mark showmanual (inataja pakeji zilizowekwa kwa makusudi) kwenye ile ya kwanza nikaichambua, zimebaki 19. Leo nimepiga sita pamoja, ya kwanza tu ndiyo ilivuta sana kwenye bando, hizo tano nikiangalia ruta karibu haigusiki. Mzee Mungu akubariki. Moja nyingine imegoma kuwaka kwa mtandao, BIOS ya zamani, hiyo nitaipiga kwa flashi kesho.

mzee_wa_apt: Amina. Kwenye hiyo ya flashi proxy usiisahau.