MREJESHO: Ile simu ya bei chee iliyokuwa inaganda

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama simu yangu ya laki mbili na nusu, RAM (memori ya kuendeshea programu) 2GB na memori ya kuhifadhia 32GB, inaponyeka, maana ilikuwa inaganda hadi natamani kuitupa. Asanteni sana kwa ushauri, nimeufuata. Nilizuia WhatsApp isipakue picha na video yenyewe, nikafuta za magrupu (GB 9, nyingi maua ya "asubuhi njema"!), nikahamia Facebook Lite, ile Facebook nyepesi. Sasa haigandi ovyo. Memori kadi haikuongeza wepesi wowote, ni ghala la picha tu. Kamera usiku bado ukungu mtupu, hapo nimesalimu amri. Ila betri ya 5000mAh, mnyonge mnyongeni: naichomoa asubuhi, kesho yake mchana bado inadunda.