Tupeane uzoefu: ulipoanza biashara ndogo, nani alikushika mkono na ulimpataje?

Mleta mada

Wakuu, salamu kwenu.

Niliacha ajira miezi minne iliyopita nikafungua kiofisi cha uchapaji: kadi, vipeperushi, mihuri, fulana. Kabla sijaanza, kila niliyemuuliza alinitajia neno moja tu, mtaji. Nikauhangaikia, ukapatikana. Sasa wiki jana saa nne usiku printa imegoma, kazi ya mteja inatakiwa alfajiri, nashika simu nimpigie nani? Namba zimejaa humo, zaidi ya mia tano, na nilizipitia zote nikiwa nimekaa sakafuni. Wa kunipongeza wapo tele. Siku ya ufunguzi walikuja, tukapiga picha, wakaniambia tuko pamoja. Wa kunieleza kwa nini karatasi inang'ang'ania kwenye rola, hamna hata mmoja.

Kazi ile ilipotea, na mteja naye.

Nawaomba, asije mtu hapa na "jichanganye na watu sahihi". Nataka visa. Mtu wako wa kwanza alikuwa nani, ulimpatia wapi, ulimwanzaje, na alikusaidia kitu gani hasa?

Fundi samani

Pole sana mkuu. Wangu alikuwa mshindani wangu, tena yule niliyekuwa namsema vibaya kwa wateja.

Mota ya msumeno wangu iliungua katikati ya oda ya vitanda. Nilizunguka siku nzima, mwisho nikameza aibu nikaenda karakana kwake. Sikumwomba msaada, nilimwomba anikodishe mashine jioni akishafunga kazi. Akanitazama weee, kisha akasema sawa, ila bleedi utatumia yako na vumbi utafagia mwenyewe. Nilichana mbao pale jioni tatu. Ile ya tatu akabaki, akaniangalia ninavyopima, akanionyesha kwamba kila kitanda nilikuwa napoteza karibu ubao mzima, kwa sababu mikato naipanga kichwani badala ya kuichora kwanza.

Mwaka uliofuata nikapata oda ya madawati ambayo peke yangu nisingeimaliza hata ningekesha. Nusu nikampa yeye. Toka hapo tuna sheria mbili ambazo hatujaziandika popote: mteja aliyekuja kupitia mwenzako humpi namba yako, na ukiona utachelewa unasema mapema, usingoje siku ya kukabidhi. Huu mwaka wa sita. Hatujawahi kutembeleana nyumbani, na hata kama ni rafiki yangu sijui.

Msusi

Mama mkwe.

Mleta mada

Dada msusi, hapo umetuacha njiani. Fafanua.

Mtengeneza sabuni

Mimi natengeneza sabuni ya maji. Mtu wangu ni muuza malighafi, na nilimpata kwa kuharibu.

Pipa zima la sabuni liligeuka maji. Niliona nyepesi, nikaongeza chumvi ikawa nzito, nikafurahi, nikaongeza tena iwe nzito zaidi, ikarudi kuwa maji matupu. Nikaijaza kwenye chupa moja, nikaenda nayo dukani kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa. Naomba mlishike hilo la chupa. Ningeenda na maneno angenijibu kwa maneno. Alitikisa ile chupa, akacheka, akaniambia chumvi ina kilele chake: mpaka hapo inakaza, ukipita inalegeza, kwa hiyo iyeyushe kwanza kwenye maji, uiweke kidogo kidogo na uwe unapima kila hatua.

Nikarudi baada ya wiki na chupa nyingine, iliyotoka vizuri. Sikuwa na la kununua siku ile, nilikwenda kumwonyesha tu. Nadhani ndipo aliponiona mtu. Tangu hapo nilinunua kwake kidogo kidogo na nililipa siku ileile, na nilipokwama mara moja nilimpigia kabla hajanipigia yeye. Mwezi wa nane akaanza kunipa mali kauli, wiki mbili. Wateja wangu wakubwa watatu wote ni watu waliomuuliza yeye, "unamjua anayetengeneza nzuri?"

Makundi ya WhatsApp ya wajasiriamali niliingia manne. Watu mia mbili, kila mmoja anauza, hakuna anayenunua. Nilitoka yote kasoro moja lenye watu kumi na moja, na hilo linaongea kuhusu vifungashio tu.

Msusi

Haya nifafanue, maana mmenifuata mpaka inbox.

Saluni yangu inaishi Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine ni za kulipia umeme. Nina watoto wawili, na mwanzo nilikuwa nawaleta kazini. Mteja amekaa kichwa nusu, mtoto analia, unamwacha mteja unakwenda kubembeleza, ukirudi amenuna. Wawili hawakurudi tena.

Nikamwendea mama mkwe. Awali nilikuwa nalalamika tu mbele yake nikitegemea ajitolee, hakujitolea. Siku hiyo nikanyoosha: mama, naomba unishikie watoto Jumamosi na Jumapili, saa mbili mpaka saa kumi na mbili, kwa miezi sita. Baada ya hapo nitakuwa nimepata wa kumlipa. Akauliza swali moja, "miezi sita kweli?" Nikasema kweli. Ilipotimia nilileta binti wa kulea kama nilivyoahidi, mama akamkataa. Kasema ameshazoea.

Watu wanahesabu washauri, wateja, mabenki. Mimi bila wa kushika watoto wikiendi, hakuna saluni ya kushauriwa.

Mtunza hesabu

Naandika vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo, kwa hiyo naona mengi. Mleta mada, hizo namba mia tano usizidharau, ila usianzie juu kwa marafiki.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, mwaka 1973 aliandika juu ya watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza, wakati ule mlikuwa mkionana na huyo mtu mara ngapi? Waliokuwa wakionana angalau mara mbili kwa wiki hawakufika 17 katika kila 100. Zaidi ya 55 walikuwa wakionana mara moja moja, na karibu 28 ni mwaka mara moja au pungufu. Yeye alichunguza ajira, si biashara, lakini sababu aliyoitoa naiona kila siku kwenye vitabu vya wateja wangu: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Mnakaa pamoja, mnasikia habari zilezile. Habari mpya huja na yule mnayesalimiana tu.

Mimi huwaambia wateja wachukue karatasi, waandike matatizo na si majina. Mashine ikifa. Mteja akikataa kulipa. Barua ya kodi ikija. Nikiugua wiki nzima. Siku nikitaka kuacha kila kitu na nisikilizwe bila kushauriwa. Halafu mbele ya kila moja jina. Wengi wanakuwa na jina moja kila mahali, na ni la mke au mume. Huyo mtu mmoja mnamchosha.

Muuza mitumba

Naona wote mnasifia watu. Ngoja mimi nilete upande wa pili.

Tulikuwa wanawake watano, wanne wetu binamu. Tukaunda kikundi, tukakopa, kila mmoja mdhamini wa mwenzake. Miezi ya kwanza raha tupu. Kisha mmoja akaacha kuleta marejesho, mara mgonjwa, mara msiba, mara simu haipatikani. Nani atamfuata? Ni mtoto wa mama mdogo. Ukimbana, wazee wanakuita wewe ndiye mchoyo. Nililipa deni lake kwa mzigo wangu wa dukani, marobota mawili. Kudhamini mtu ni kukopa wewe mwenyewe, tofauti ni kwamba fedha huzioni.

Hadi leo tunaonana kwenye sherehe tunakumbatiana. Deni halitajwi.

Mtunza hesabu

Pole dada. Naomba niongeze hapohapo. Mwanauchumi Muhammad Yunus alipoanzisha kule Bangladesh mwaka 1976 mradi wa kuwakopesha maskini, uliokuja kuwa Benki ya Grameen mwaka 1983, wakopaji walikaa watano watano kama nyie. Wanachaguana wenyewe, lakini ndugu wa karibu hawaruhusiwi kukaa kikundi kimoja. Sababu ndiyo hiyohiyo uliyoiandika.

Muuza mitumba

Ningeijua mapema hiyo! Siku hizi wa fedha nimewatenga na wa maneno. Nina wenzangu watatu wa sokoni, tunaambiana robota lipi limefunguliwa likawa bovu, tunalindiana meza, mmoja akienda kununua mzigo anawanunulia wote. Kukopeshana hapana. Tuliambiana hivyo siku ya kwanza, kwa mdomo mkavu, na hakuna aliyekasirika.

Mleta mada

Wakuu nimekaa na hii karatasi ya matatizo tangu jana. Kwenye "mashine ikifa" nilikuwa na sifuri. Nikarudi kwenye simu, nikashuka chini kabisa kwenye namba nilizosevu kwa kazi ya mtu na si jina. Nikakuta "fundi fotokopi ofisini". Huyu alikuwa akija kutengeneza mashine kwa mwajiri wangu wa zamani, kila akija mimi ndiye niliyekuwa namfungulia mlango na kumshikia tochi. Miaka miwili sijaongea naye.

Nikampigia. Kanikumbuka kwa tochi! Kaja leo jioni, karatasi ilikuwa inanasa kwa sababu rola ya kuvutia imelika na mimi naiwekea karatasi iliyopata unyevu. Kanionyesha namna ya kuisafisha, kaniandikia namba ya kipuri, na rimu zote kaniamuru nizitoe sakafuni.

Kesho nataka kwenda kwa jamaa wa mtaa wa pili mwenye mashine kubwa ya kukata karatasi, nione kama atanikodishia jioni. Huyo ndiye hasa tunayegombania naye wateja. Fundi samani, ukifika mlangoni unaanzaje?

Fundi samani

Salimia, halafu muulize mashine yake inamsumbua wapi. Kaa chini kabisa, maana jibu litakuwa refu.