Mjadala: Tope la Kilwa linamtetea nani kuhusu joto la bahari?

Mfinyanzi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nilikuwa kwenye basi la kwenda Lindi, abiria wawili nyuma yangu wakawa wanabishana kuhusu matumbawe. Mmoja akafunga hoja: bahari ya tropiki ni kama pasi ya umeme, ikifika nyuzi 30 inajizima yenyewe. Na hata ikizidi, zamani iliwahi kuwa moto kuliko sasa na samaki hawakuisha, kwa hiyo makelele yote haya ni ya watu wanaotafuta posho. Basi zima likacheka. Mimi niliyesoma jiolojia nikanyamaza hadi tukapita Nangurukuru. Nimebaki na aibu, maana jibu lake liko chini ya barabara ileile. Miamba ya Kilwa imegawanywa katika matabaka yenye majina ya kwetu kabisa: Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande.

Swali langu: mashapo ya bahari, yaani tope lililotua chini yake, yanamtetea abiria yule au yanamkana? Msimamo wangu nautoa mapema. Kwenye pasi yanamkana. Kwenye "iliwahi kuwa moto" yanamkubalia, kisha yanamgeukia.

Kwanza kipimajoto chenyewe. Baharini kuna viumbe wa seli moja waitwao foraminifera, wengi wao wadogo kama punje ya mchanga, wanaojijengea magamba ya kalisiti, aina ya chokaa. Oksijeni ya gamba inatoka majini, na iko nyepesi na nzito. Maji yakiwa ya moto, gamba huchukua ile nzito kwa upungufu kidogo: ikipungua sehemu moja kwa elfu, ni kama joto limepanda nyuzi 4 hivi. Harold Urey alitoa msingi wa hesabu hiyo mwaka 1947, na Cesare Emiliani akaitumia kwenye matope ya kilindini mwaka 1955.

Sasa kasheshe. Kwa miaka mingi magamba ya zama za Eosini, miaka milioni 50 hivi iliyopita, yalikuwa yakisema bahari ya tropiki ilikuwa nyuzi 15 hadi 23 tu. Wakati huohuo ncha za dunia zilikuwa karibu hazina barafu, na jamaa wa mamba waliishi kaskazini kabisa mwa Kanada! Yaani kule mamba, huku kwetu maji ya baridi kuliko ya msimu wa kusi. Modeli za tabianchi zilikataa, lakini magamba yalisema hivyo, na nani abishane na gamba? Hapo wazo la pasi likapata nguvu. Mwaka 1991 Ramanathan na Collins nao walikuwa wamependekeza kwamba bahari ya tropiki ikipata joto sana hujitengenezea mawingu mazito yanayokinga jua. Kwa hiyo abiria wetu hakulitoa hewani.

Kilichovunja fumbo, kwa sehemu kubwa, ni udongo wa mfinyanzi wa pwani yetu. Mtafiti Paul Pearson na wenzake walichapisha vipimo vyao mwaka 2001, kisha kuanzia 2002 ukafanyika uchorongaji Kilwa na Lindi kwa kushirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Magamba ya kilindini, ukiyaweka chini ya hadubini, ni meupe kama chokaa. Ya Kilwa ni angavu kama kioo, kwa sababu mfinyanzi haupitishi maji. Mnaijua Kilwa Kisiwani: ukuta wa zamani ukizibwa chokaa mpya, ukapima chokaa, utapata umri wa fundi wa juzi, si wa sultani. Magamba ya kilindini yalizibwa hivyo hivyo, chini kabisa kwenye maji ya baridi, ndiyo maana yakasoma baridi. Yale yaliyohifadhika vizuri yalisoma nyuzi 28 hadi 32, tena kwa uchache.

Karibuni.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu Mfinyanzi, umeandika vizuri ila umeturusha mtaro mmoja. Nimepita mdomo wa Rufiji masika mara zisizo na idadi. Maji ya juu pale unaweza karibu kuyanywa. Mvua ni maji mepesi, sivyo? Basi gamba lililoota kwenye maji ya mto litakuwa na oksijeni nyepesi, nawe utaandika "joto" kumbe ilikuwa mafuriko. Hiyo chumvi ya miaka milioni 50 mliionja kwa ulimi wa nani?

Mkemia

Mzee Nahodha amegonga penyewe. Na si chumvi tu. Barafu ya nchi kavu hufungia maji mepesi, kwa hiyo zama zisizo na barafu bahari nzima huwa nyepesi kidogo, na hilo lazima likadiriwe. Uchachu wa maji nao unasogeza namba. Mtu akikupa nyuzi bila kukuambia alikadiria nini, amekuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Mfinyanzi

Shikamoo mzee. Nakubali chumvi haikuonjwa, ilikadiriwa. Ndiyo maana hakuna anayetaka shahidi mmoja. Yupo wa pili: magnesiamu ndani ya gamba, inayoongezeka kwa kama asilimia 9 kwa kila nyuzi moja, na yenyewe haijali sana mvua. Wa tatu ni mafuta ya vijidudu waitwao arkea, kipimo kilichotolewa na Schouten na wenzake mwaka 2002. Hicho hakitumii gamba kabisa. Yote yanaelekeza kwenye Eosini ya moto.

Na zingatieni jambo moja. Wakati ule Kilwa haikuwa hapa ilipo, nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Bara lilikuwa kusini zaidi, kwenye nyuzi 19, yaani karibu usawa wa Beira ya leo. Kwa hiyo namba hizo si za ikweta. Za ikweta ni halali kuzidhania kuwa juu zaidi.

Mkemia

Taratibu kaka. Magnesiamu ya bahari yenyewe imebadilika kwa mamilioni ya miaka, kwa hiyo shahidi wako wa pili naye ana kesi. Na arkea hawakai juu tu, wengine wanaishi makumi ya mita chini, hivyo mafuta yao yanaweza kuwa yanapima maji ambayo mvuvi hayagusi.

Lakini nikupe silaha ya kumpiga mtu wa pasi, maana hiyo umeisahau. Kuna kipimo kingine maarufu, mafuta ya mwani mdogo wa jamii ya *Emiliania huxleyi*, yanaitwa alkenoni. Ni kizuri sana kwa bahari za vuguvugu, ila kinafika mwisho wa rula kwenye nyuzi 28 au 29. Juu ya hapo kinasoma vilevile. Watu wameangalia mistari iliyolala bapa kwenye 28 wakasema "oneni, bahari haipandi". Rula imeisha, wao wanasema kitambaa kimeisha!

Nahodha Mstaafu

Hahaha, hiyo ya rula nimeipokea.

Binti wa Kigoma

Mnazungumza Eosini tu. Mimi nataka turudi karibu, zama za mwisho za barafu, miaka 21,000 hivi iliyopita, maana kosa lilelile lilifanyika tena. Mradi mkubwa wa CLIMAP, miaka ya 1970 hadi 1981, ulihesabu aina za foraminifera kwenye matope ya bahari zote. Jibu: tropiki ilipoa chini ya nyuzi 2, na sehemu nyingine za Pasifiki eti zilikuwa na joto kuliko leo. Tena ikaonekana sisi wa tropiki hatuguswi. Lakini kwetu huku, matope ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yalipopimwa kwa hayo mafuta ya arkea yalisema vingine. Ziwa Nyasa lilikuwa na baridi zaidi kwa kama nyuzi 3.5. Ziwa na bahari si kitu kimoja, najua, msinirukie.

Mtu wa Kasese

Dada, ongeza na milima. Huku Rwenzori unatembea msituni, mbali kabisa chini ya theluji ya leo, unakuta tuta la mawe lililosukumwa na barafu. Kwenye milima ya tropiki mpaka wa theluji ulishuka kama mita 900 au 1,000. Ukichukua nyuzi 6 kwa kila kilomita, umepata kama nyuzi 5 au 6 za baridi. Bahari ikipoa chini ya 2, hii barafu ilishukaje? Rind na Peteet waliuliza hivyo mwaka 1985.

Mkemia

Jibu la sehemu ni kwamba nchi kavu hupoa kuliko bahari, na juu mlimani hupoa kuliko chini. Bahari ikipoa 3, mlima unaweza kupata 5 bila mtu yeyote kusema uongo. Lea na wenzake mwaka 2000, kwa magnesiamu, walipata kama 2.8 Pasifiki ya tropiki. Mwaka 2009 mradi mwingine, MARGO, ukasema 1.7 kwa tropiki, kosa la nyuzi 1 juu au chini. Mwaka 2020 Jessica Tierney na wenzake wakachanganya vipimo vya mashapo na modeli, wakasema dunia nzima ilipoa nyuzi 6.1. Kwa hiyo ubishi haujafungwa, umehama tu kutoka "je, tropiki hubadilika?" kwenda "kwa kiasi gani?"

Mama Mwani

Hamjambo wanangu. Mimi ni mkulima wa mwani, Unguja. Elimu yenu nimeisoma yote, sijaielewa yote. Ila hoja ya yule wa basi mmeiacha njiani. Kasema zamani ilikuwa moto na viumbe vikaishi. Mimi cottonii yangu maji yakichemka inalainika, inakatika, inaondoka na mkondo. Wenzangu wengi tumeiacha, tunalima spinosum, bei yake ndogo. Sasa nijibuni kwa Kiswahili cha jikoni: hao wa zamani waliishi kweli?

Mfinyanzi

Shikamoo mama. Asante, hapo ndipo nilipotaka kufika nikazuiwa na wakemia.

Miaka milioni 56 iliyopita kulitokea joto la ghafla, na tabaka lake limechorongwa Kilwa. Mwaka 2014 Tracy Aze na wenzake walipima gamba mojamoja kutoka humo. Wakakadiria kwamba maji ya juu yalipanda zaidi ya nyuzi 3, na huenda yalipita 40. Mama, 40 ni moto kuliko maji ya kumwogeshea mtoto. Na katika sehemu kubwa ya tabaka lile la joto, planktoni wenye magamba, yaani viumbe wadogo wanaoelea, hawaonekani kabisa. Wapo chini, wapo juu, katikati hakuna. Kipimajoto chenyewe kilikufa, au kiliondoka. Matumbawe nayo yalirudi nyuma sehemu nyingi za tropiki wakati ule.

Samaki kama kundi hawakuisha, abiria yule kasema kweli. Lakini hakuna aliyekuwa na shamba pale.

Halafu kuna mwendo. Zeebe na wenzake mwaka 2016 walikadiria kwamba kaboni iliyomwagwa hewani wakati ule haikuzidi tani bilioni 1.1 kwa mwaka, kwa miaka isiyopungua 4,000. Sisi sasa tunamwaga kama bilioni 10 kila mwaka. Mwaka 1998 matumbawe ya Mafia yalipauka na mengi yakafa kwa msimu mmoja wa kaskazi.

Mama Mwani

Haya. Nimekusikia, mwanangu.

Nahodha Mstaafu

Mimi bado nina tundu moja. Unasema planktoni hawapo katikati, kwa hiyo joto liliwafukuza. Je, kama waliishi, wakafa, wakashuka, kisha magamba yakayeyuka kabla ya kufukiwa? Mkemia kasema uchachu unabadilika. Hewaukaa ikiwa nyingi maji huchachuka, na chokaa kwenye maji machachu haikai.

Mfinyanzi

Mzee, hilo siwezi kulifunga, na hata waliolipima walisema kwa tahadhari kwamba *huenda* mazingira yaliwaondoa. Namba ya 40 nayo inategemea makadirio ya uchachu na chumvi uliyoiuliza mwanzoni. Ninachokishikilia ni kidogo zaidi: magamba yaliyo angavu, chini na juu ya pengo lile, hayaonyeshi bahari iliyojizima kwenye 30.

Nahodha Mstaafu

Kwenye 30 nakuachia. Kwenye 40 bado tuko bandarini. Ukipita Nangurukuru tena unishtue, nataka kuyaona hayo magamba ya kioo kwa macho yangu, na hadubini uje nayo wewe.