Mnasomaje rivyu za muvi za wahakiki Wakristo? Vijana wangu Igoma wananiuliza maswali kila wiki

Mlezi wa Igoma
Wadau Bwana asifiwe, na wa imani nyingine habari za jioni. Mimi ni mlezi wa vijana kanisani huku Igoma, Mwanza, huwa tunawaonyesha muvi Jumamosi jioni mara moja moja, projekta ukutani, ikiisha tunakaa kwenye mabenchi tunajadili. Shida ipo kwenye kuchagua. Hawa vijana muvi wanazipata kabla yangu, anaingia laibrari ya stendi na flashi yake anarushiwa sizoni nzima kwa hela ya chai, kesho yake ananiuliza mlezi hii vipi inafaa? na mimi hata jina lake ndio nalisikia kwake.

Ndio nikaanza kuwasoma wahakiki Wakristo wa nje, hasa Marekani maana huko wako wengi. Ninachokiona ni kwamba hawakubaliani, muvi hiyo hiyo huyu anasema waepusheni watoto, mwingine naye ni Mkristo kabisa anasema familia nzima ikaione. Mmoja kahesabu matusi, kahesabu ngumi, kahesabu chupa za pombe, mwingine hajagusa hayo anaongelea msamaha na tamaa mwanzo mwisho. Nimfuate nani? Na habari za muvi mpya mnazifuatiliaje bila kumaliza bando, triela mbili tatu tu MB zimekwisha. Naomba msiniwekee orodha ya muvi za Kikristo, hizo ninazo, nataka kujua mnasomaje.

Dada wa Nyakato
Mlezi hao ni watu wa kazi mbili. Wa kwanza ni kama Plugged In, ile ya Focus on the Family, shirika la Kikristo la Marekani, wao kila muvi wanaichambua kwa vipengele, mambo mema yaliyomo, mambo ya kiroho, ya kingono, vurugu, lugha, ulevi na madawa, wanakuandikia mpaka tukio lenyewe limekaaje. Movieguide ya Ted Baehr iko tangu 1985 nayo inatoa alama, juu kabisa +4 chini kabisa -4. Hao watu wanakwambia dagaa hawa wana mchanga kiasi gani, utamu wa dagaa utauonja mwenyewe. Nawaheshimu sana, mlezi wa vijana bila wao utaaibika mbele ya wazazi.

Wa pili ndio mhakiki hasa, yeye anauliza muvi inasema nini kuhusu mtu, inasema kweli au inadanganya, na imetengenezwa vizuri au hovyo. Mimi namfuata Steven Greydanus wa Decent Films, ni shemasi Mkatoliki huko Marekani na mimi ni mlokole lakini nimejifunza kwake mengi. Anachofanya anatenganisha alama, usanii ana nyota zake, maadili ana alama zake, umri unaofaa nao anautaja peke yake. Kwa hiyo unaweza kukuta muvi imepigwa kwa ustadi mkubwa halafu kimaadili iko chini, au ujumbe ni mzuri na muvi yenyewe haitazamiki. Na hili la mwisho sisi walokole tunalikwepa, tukiona msalaba kwenye kava tunasifia, waigizaji wanasoma maneno kama tangazo la kanisani na hakuna anayethubutu kusema. Vijana wanaona! Ndio maana Jumamosi wanatoka katikati.

Kuhusu bando soma maandishi, rivyu haili bando kama triela, triela achana nazo, zenyewe zimekatwa ili zikuuzie.

Mama wa Buzuruga
Wanangu mimi naomba nitofautiane kidogo. Zaburi 101 inasema sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu, haikusema niweke kwanza halafu nijadili. Huyu anayehesabu matusi ndiye ananisaidia mimi mzazi, maana mwanangu yuko kidato cha pili, hilo la usanii atalikuta mbele ya safari. Mlezi mwanangu, wewe unaletewa watoto wa watu wa umri tofauti kwenye ukuta mmoja. Kabla ya kuwaza muvi inasema nini waza nani amekaa benchi la mbele.

Mtu wa Nyegezi
Shikamoo mama. Hilo la benchi la mbele ni kweli tupu, kama wako wa darasa la sita na wa chuo pamoja basi anayepimiwa ni wa darasa la sita, hapo sina ubishi.

Ila kuhesabu peke yake kuna mahali kunagota. The Passion of the Christ ya 2004, ile ya mateso ya Yesu, Marekani ilipewa R, yaani chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mtu mzima, kwa sababu ya damu, na ni makanisa hayo hayo yaliyokodi majumba ya sinema mazima kupeleka waumini. Ukiipima kwa idadi ya mapigo tu utaitupa. Na Biblia yenyewe, Daudi na Bathsheba ukiiweka kwenye vipengele itatoka na alama gani?

Sisi Wakatoliki hii safari tumeitembea muda mrefu. Miaka ya 1930 maaskofu wa Marekani walianzisha Legion of Decency, waumini wanasimama kanisani wanaahidi kutoangalia filamu zilizolaaniwa, na 1936 Papa Pius XI akaandika barua nzima kuhusu sinema, Vigilanti Cura, akiwasifu. Halafu 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ikatoa orodha ya filamu 45 muhimu, 15 za dini, 15 za maadili, 15 za usanii. Mle ndani imo Nosferatu ya 1922, ya mnyonya damu! Na kwenye za dini imo Injili ya Mathayo ya Pasolini ya 1964, na Pasolini alikuwa Mmarx asiyeamini Mungu. Waliokaa kuchagua hawakuuliza mtengenezaji anasali wapi, waliangalia kazi. Mimi hapo ndipo niliposimama mpaka leo.

Mlezi wa Igoma
Mama wa Buzuruga nimekusikia, wadogo nitawatenga, wao waangalie mchana. Mtu wa Nyegezi hiyo ya Pasolini nitaitafuta. Lakini mbona wote mnanipeleka Marekani na Roma, hivi hawa wahakiki wanatuona sisi kweli?

Kirumba Mwaloni
Hapo mlezi umegusa. Mwaka 2004 ilitoka dokumentari ya sangara wa Mwanza, Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, inaanza na samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 mpaka ndege za mizigo zinazobeba minofu kwenda Ulaya. Nje ilisifiwa mno, Ufaransa ikapata tuzo ya César, ikaingia mpaka kwenye kugombea Oscar. Hapa nyumbani 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani na Mwanza watu wakaandamana. Mimi naona kuna ukweli ndani yake na kuna mahali imetuonyesha kama watu tusio na kesho, sisi tunaoamka saa kumi usiku kwenda mwaloni tunajua kuna harusi, kuna kwaya, kuna watoto waliosomeshwa kwa sangara huyo huyo. Aliyeko mbali anayasifia machozi na hana namna ya kujua ni nini kimeachwa nje ya kamera. Mhakiki Mkristo naye ana macho mawili tu na anatazama kutoka alipokaa. Kwa hiyo mlezi soma wawili au watatu wanaotofautiana, halafu uione mwenyewe kabla ya vijana. Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema, hakuna njia ya mkato.

Dada wa Nyakato
Na Bongo muvi hao hawazigusi kabisa, wakati vijana wetu ndizo wanazoangalia kila siku kwenye king'amuzi. Mganga, mchungaji tapeli, mke mdogo, binti aliyetoka kijijini, hayo ndiyo yanayoongea nao, na hakuna anayekaa akaandika kwa Kiswahili kwa jicho la Injili hii inasema kweli, hii inamtukana mjane. SIGNIS, shirika la mawasiliano la Wakatoliki, wamewahi kuweka majaji na kutoa tuzo kule ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, lakini hiyo ni tamasha, huku mtaani Nyakato hakifiki kitu.

Mtu wa Nyegezi
Basi tuanze. Mimi naandika moja kabla ya Jumapili, nachukua tamthilia ambayo wote hapa nyumbani wanaifuatilia, naweka vipengele vya mama wa Buzuruga juu na uchambuzi chini.

Mama wa Buzuruga
Andika mwanangu, na umri uutaje mstari wa kwanza kabisa usiufiche chini.

Mlezi wa Igoma
Ukimaliza nitumie, naiprinti nabandika ubao wa matangazo pale mlangoni. Dada wa Nyakato na wewe tafuta moja.