Muhula wa pili Lamu: kwa nini tusifungue mapema, kabla ya kusi?

MamaPate:
Hamjambo wenzangu. Nina jambo limenikaa rohoni tangu Mei 2024, nataka hasa walimu wanijibu.

Mwaka ule shule zilikuwa zifunguliwe 29 Aprili. Mafuriko yakazidi, Wizara ikaongeza wiki moja, kisha ikasema tungoje hadi tutangaziwe. Mara tukaambiwa Jumatatu 13 Mei watoto wote wawe shuleni. Nchi nzima, siku moja. Huku kisiwani Pate pepo za kusi zilikuwa zimeshakaza.

Kijana wangu yuko bweni, bara. Tulipanda boti alfajiri ili tuuwahi Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamejaa, maana yakipwa hapapitiki. Godoro nililifunga kwa turubai mara mbili, na tulipofika Mokowe, gatini bara, lilikuwa likichuruzika maji ya chumvi. Usiku wa kwanza alilala juu ya leso yangu, chini sakafuni.

Halafu karo. Babake ni mvuvi. Pesa yetu ni ya kaskazi, Novemba mpaka Machi. Ya Januari tunalipa. Ya Mei inatukuta dau liko juu ya mchanga. Hakumaliza wiki mbili akarudishwa kufuata karo, bahari ile ile.

Kila mtu huku anajua maleleji, zile wiki za Machi na Aprili ambapo bahari hutulia. Basi kwa nini Lamu isifupishe likizo ya Aprili iwe wiki moja, watoto wavuke bahari ikiwa shwari na sisi bado tuna kitu mfukoni, kisha siku hizo zirudishwe Agosti? Sisemi masomo yapungue hata siku moja.

Mwalimu_Mpeketoni:
Mama, pole sana. Lakini zipo kamba nyingi zinazotufunga. Pesa za serikali kwa kila mwanafunzi huja kwa mihula: asilimia 50, kisha 30, kisha 20. Ukifungua mapema, ile 30 haijafika, mpishi utampa nini? Pia tamasha la drama la kitaifa huangukia likizo ya Aprili. Na sisi walimu tulioajiriwa na TSC, tume ya walimu ya kitaifa, wengi si wa huku. Kwetu ni Vihiga, magharibi mwa Kenya, kwenda na kurudi kunamaliza siku nne. Ukinipa wiki moja, watoto wangu nitawaona lini?

MamaPate:
Mwalimu, hilo la walimu sikuwa nimelifikiria, na ni haki yenu. Labda siku kumi. Lakini pesa za serikali zinachelewa hata tukifungua kwa tarehe ya Nairobi, hiyo si sababu ya mtoto kuvuka kwenye mawimbi.

Garsen_Ndani:
Dada, sisi hapa Tana River tungeomba kinyume chako. Hiyo 13 Mei madarasa karibu na kwangu yalikuwa bado yamelaliwa na familia zilizokimbia mto. Sisi tulitaka wangoje. Na wakati huohuo kuna sehemu za nchi hazikupata tone la mafuriko, watoto wao wakakaa nyumbani wiki mbili bure. Lamu na Tana River tumepakana, na hata sisi tarehe moja haitufai.

Baba_Likoni:
Nina mmoja Mombasa, mwingine bweni Kilifi. Likizo zikipishana nani atakaa nao? Tena magavana wakishika tarehe, kila kampeni tutafungiwa shule.

Mwalimu_Mpeketoni:
Gavana hahusiki hapo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vya kulelea watoto, basi. Msingi na sekondari ni za serikali kuu. Ila bodi za elimu za kaunti zimo katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, nazo ni za serikali kuu hiyo hiyo. Wizara ikitaka kuziachia bodi hizo siku kumi za kusogeza huku na huku, mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ukabaki palepale, Katiba haiguswi.

MamaPate:
Kumbe! Basi nitawaandikia bodi. Mwalimu, utanipitia barua?

Mwalimu_Mpeketoni:
Nitaipitia, Mama. Weka na saa za maji kujaa pale Mkanda, wiki ya maleleji na wiki ya Mei, ubavu kwa ubavu. Na uandike habari ya lile godoro.