Misri ya kale kwenye maigizo ya shule ya msingi: tuwape watoto Firauni au mafundi wake?

Mleta mada (Leicester)

Wadau, habari zenu. Mtaala wa hapa Uingereza, ule wa tangu 2014, unataka watoto wa miaka 7 hadi 11 wasome kwa kina ustaarabu mmoja wa kale kati ya minne: Sumeri, Bonde la Indus, utawala wa Shang huko China, au Misri. Shule ya mwanangu imechukua Misri na kuifundisha kwa maigizo.

Na maigizo sina ugomvi. Mtoto wa miaka minane majina ya wafalme yatamtoka wiki ijayo, lakini maneno aliyoyatamka mbele ya wenzake akiwa amejifunga shuka la mama yake hayamtoki. Ninachogombana nacho ni kilichoigizwa. Mmoja kakaa kitini na taji la karatasi, wenzake wanapanga maboksi huku wakichapwa viboko vya uongo, halafu mwingine anaviringishwa karatasi ya chooni awe maiti iliyokaushwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mchezo ukaisha.

Hivyo viboko vya piramidi vimetoka wapi? Tangu 1990 kule Giza, penye piramidi kubwa, yanachimbuliwa makaburi ya wajenzi wenyewe, na mji wao upo hapo karibu na matanuri yake ya mikate. Baadhi ya mifupa ilivunjika ikaunga vizuri, maana yake walikuwa na waganga. Kazi ilikuwa nzito, hilo halina ubishi, ila mtumwa wa kutupwa hajengewi kaburi jirani na mfalme.

Na visa vya kuigiza viko tele. Chukueni hadithi moja ya Misri ya kale: mkulima Khun-Anup anashuka na punda wake kwenda kubadilisha bidhaa. Nemtynakht, mtu mwenye wakubwa nyuma yake, anatandaza nguo katikati ya njia nyembamba: pindo moja liko majini, la pili juu ya shayiri. Mkulima akikwepa nguo, punda mmoja anachomoa suke la shayiri, na hapo hapo punda wote wananyang'anywa. Anakwenda kulalamika kwa Rensi, msimamizi mkuu. Anaongea vizuri mno mpaka mfalme anaagiza asijibiwe upesi, ili maneno yake yaandikwe. Analalamika mara 9 ndipo anapata haki yake. Gharama yake ni khanga moja ya kutandaza na mtoto mwenye mdomo.

Au chukueni mgomo wa mafundi wa makaburi ya wafalme, mwaka wa 29 wa utawala wa Firauni Ramesses III, kama 1157 KK. Posho yao ya nafaka ilichelewa. Wakaweka zana chini, wakaenda kukaa nyuma ya hekalu wakilalamika kwamba siku 18 za mwezi zimepita na wana njaa. Karani aliyaandika, na mafunjo hayo, yaani karatasi zao za kale, yapo Turin, Italia.

Nawasilisha.

Mama wa watatu (Mombasa)

Ndugu yangu, mgomo sawa. Lakini najua kinachofuata: ile mizani ya Wamisri ya kupima moyo wa marehemu kwa unyoya, na Anubis, mungu wao mwenye kichwa cha mbweha. Wanangu hawaigizi miungu ya watu, hata kwa mzaha. Chuoni wamesomeshwa kisa cha Nabii Musa na dhulma ya Firauni, halafu shule imvishe taji wampigie makofi? Na hiyo karatasi ya chooni imeniudhi kuliko yote. Yule ni maiti wa watu, alioshwa na kuliliwa na wanawe.

Msomaji wa historia (Toronto)

Dada, heshima kwako, ila Wamisri wenyewe hawalioni hivyo. Tarehe 3 Aprili 2021 maiti 22 za wafalme na malkia zilipitishwa barabarani Cairo, na watu waliovaa mavazi ya kale wakiandamana nazo. Wengi wa watu wa nchi ile ni Waislamu na Wakristo. Na kuigiza kulikuwepo zamani: Ikhernofret, ofisa wa mfalme Senusret III, ameacha jiwe linaloeleza alivyosimamia maandamano ya mungu Osiris huko Abydos na kuwarudisha nyuma maadui wa mashua ya mungu huyo.

Swali langu ni jingine. Taharqa wa Kushi, aliyetoka Sudani akaitawala Misri, mbona hapewi hata mstari mmoja?

Mwalimu (Tanga)

Mleta mada, kisa cha mkulima ninakijua na kuna mahali umeparuka. Baada ya lalamiko la tatu Rensi anaamuru apigwe, na anapigwa viboko kweli. Na tangu lalamiko la kwanza mfalme ameagiza alishwe kwa siri pamoja na familia yake, kwa kuwa anafurahia kumsikiliza. Yaani mtu anaomba haki, mkubwa anapata burudani. Mimi ningesimamisha mchezo hapo hapo na kuliuliza darasa: wewe ungekuwa Rensi, ungemwambia nini mfalme? Bila swali hilo tutakuwa tumebadilisha mavazi tu.

Na nina darasa la watoto 80. Mchezo wenye wahusika watano unawaacha 75 wakichokozana. Mgomo unawabeba wote.

Mleta mada (Leicester)

Mwalimu, viboko hivyo mimi ningeviacha. Kwenye maboksi anayepigwa ni bubu, hapa anayepigwa anarudi na lalamiko la nne. Mizani ya moyo, dada wa Mombasa, mzazi asiyetaka aheshimiwe, lakini shule isiifute kwa wote. Walioandika yale walitaka marehemu aape kwamba hakupunja kipimo cha nafaka. Mbona mtoto anaelewa?

Mama wa watatu (Mombasa)

Anaelewa, na mizani ya duka la mtaani itamfundisha hayo hayo bila Anubis. Hapo mimi sihami. Ila niambieni, kwenye huo mgomo Firauni anaigizwa na nani?

Mwalimu (Tanga)

Hakuna. Hatokei. Mafundi wanaomba apelekewe habari, wanaofika ni makarani na maofisa, na mwisho inaletwa posho ya mwezi uliopita.