Je, kampuni za programu huwasikiliza wasanidi wanaotumia zana zake?

Swali: Ndugu wasanidi, je, kampuni hizi hubadili uamuzi kwa sababu ya hoja zetu, au hungoja hadi tuanze kuhama?

Jibu la 1: Tazama Unity, kampuni yenye zana ya kuundia michezo ya kompyuta na simu. Tarehe 12 Septemba 2023 ilitangaza ada kwa kila usakinishaji wa mchezo, hata kwa michezo iliyokwisha kutolewa. Watengenezaji walipinga vikali, baadhi wakazima matangazo ya kampuni hiyo katika michezo yao, na siku 10 baadaye ikaomba radhi na kulegeza masharti. Ada yenyewe ilifutwa Septemba 2024.

Jibu la 2: Ni kweli, lakini mwaka mzima ni muda mrefu mno kwa studio ndogo isiyojua itatozwa nini.

Jibu la 3: Uwazi wa msimbo, yaani maandishi ya programu kuwekwa hadharani, husaidia sana. Oktoba 2021 Microsoft iliondoa kwenye zana za .NET 6, jukwaa lake la kuundia programu, uwezo wa kubadili msimbo programu ikiwa inaendelea kufanya kazi. Kwa kuwa badiliko hilo lilionekana hadharani, wasanidi walilipinga mara moja, na uwezo huo ukarudishwa ndani ya siku chache. Kabla ya kuchagua zana, mimi huangalia kwanza kama orodha yake ya hitilafu iko wazi na inajibiwa.